Mtoto wa Meza

Limpho,
kofia ya nyasi aliyosuka mama yako
ilifika Cwm Hesgin imebonyea upande mmoja
kama tikiti lililokaliwa.
Mwalimu mkuu, Bi Mererid, aliivaa hivyohivyo,
akasimama nayo mvuani mbele ya watoto thelathini na wanane,
wala hakuna aliyecheka kabla yake.

Mvua ya huku hainyeshi, inakaa.
Inakaa kwenye kola, kwenye chaki, kwenye mkate.
Waliniuliza kama naijua theluji.
Nikawaambia: kwetu Lesotho, mwezi wa saba,
mlango wa darasa tunaufukua kwa koleo.
Hawakuamini. Walikuwa wamenichorea jua,
kubwa, la manjano, lenye meno,
wakalibandika ukutani kunikaribisha.

Kondoo ndio waliotuokoa.
Gethin, mtoto wa mfugaji, aliuliza tunawaita kwa mluzi gani;
nikaupiga, na ng'ambo ya ukuta wa mawe
kondoo mmoja akainua kichwa.

Halafu lugha.
Wana sauti yao, huiandika kwa l mbili bega kwa bega,
huwashinda wageni wote; mkaguzi mmoja, walisema,
aliishia kutema mate.
Kitabu, kwao, huanza nayo.
Nami nikalaza ulimi kama ninaposema kichwa, hlooho,
nikaiacha pumzi ipenye kando ya meno:
llyfr.
Darasa zima likagonga madawati!
Sauti ni ileile, Limpho.
Watu wasiojuana, bahari na jangwa katikati yao,
wamegawana upepo mmoja wa shavuni.
Laiti ningeondoka siku ile.

Ijumaa alinipeleka kwenye kabati la kioo.
Kikombe cha mbio, picha za walimu wenye masharubu,
na kipande cha ubao, urefu wa kidole,
tundu juu, herufi mbili zimechomwa kwa chuma cha moto.
Alinieleza. Hakuwa na haja ya kunieleza.
Mtoto akisikika akisema Kiwelisi, anavishwa.
Anamtega mwenzake, anamvisha.
Kengele ya mwisho ikilia,
aliye nacho shingoni ndiye achapwaye.
"Bibi yake bibi yangu alikivaa," alisema.
"Akakua, akazaa, hakumfundisha mwanawe
hata neno la kuombea chumvi."
Kisha akanitazama: "Na kwenu, yalikuwapo haya?"

Zamani, nikamjibu.
Zamani sana.

Zamani ya siku kumi na mbili.
Zamani ya Alhamisi ile bombani
uliposema metsi, neno tu, maji,
kwa kuwa 'Mampho alikuwa amegeuka
na ndoo yake inafurika.
Kile kifuniko cha kopo la rangi ya viatu
nilikitoboa mwenyewe, kwa msumari, mwaka wangu wa kwanza kazini,
maana nami nilivishwa cha namna hiyo, na tazama, nikawa mwalimu.
Hoja hiyo imenitosha miaka kumi na tisa.
Ulikivaa mpaka saa tisa. Hukulia.
Ulijifuta mikono kwenye sketi
ukaja mezani kwangu kabla sijakuita.

Usiku huu nipo chumba cha juu kwa mama mmoja, Eluned.
Paka wake humsemesha Kiwelisi, mimi Kiingereza,
na akichoka hutuchanganya.
Nimetoa vitu mfukoni: sarafu zao, karatasi ya pipi,
ufunguo.
Nimesafiri nao, Limpho. Bara zima nimelivuka
na ufunguo wa mtoto wa meza
kana kwamba kuna atakayekiiba.

Kesho kutwa, kabla sijaondoka, wanataka neno moja la kwetu
walibandike chini ya lile jua.
Wanadhani nitachagua amani, au asante.
Nitawapa lako.
Nitalisema kwa sauti, mbele ya watoto thelathini na wanane,
na wataligongea madawati.
Kulisema mbele yako,
pale bombani,
bado sijui.