Kushoto, Mkate

Nimesoma ukaguzi wake wote kwenye simu,
ndani ya basi la Aberdâr, mvua ikipiga kioo.

2009: tairi za mbele zimelika upande wa ndani.
Kuna mtu alipenda kona.
2011: limefeli. Breki ya mkono haishiki.
2013: kutu, kizingiti cha kushoto, ifuatiliwe.
Kisha kimya, miaka miwili, hata mstari.
2016 limepita. Maili arobaini tu zimeongezeka
na kutu haitajwi tena.

Kutu haiponi kwa kunyamaziwa.

Bwana Prosser amelisugua hadi naona meno yangu mlangoni.
Kizuri chajiuza, najua. Napiga goti kwenye changarawe,
nagonga vizingiti kwa kifundo cha kidole:
kulia, bati.
Kushoto, mkate.

"Ni puti na rangi," anakiri kabla sijauliza.
Na ile miaka miwili?
Anautazama mlango wa nyumba.
"Nerys alikuwa akishuka, anakaa humo gerejini, anawasha redio.
Ningelipelekaje likakaguliwe,
naye anakaguliwa kila Jumanne?"

Napangusa goti.
Kwa kutu, napunguza pauni mia nne.
Hiyo nyingine siijui bei yake.