Kona Hamsini

Mnunuzi anakuja saa nne asubuhi,
nami nimepiga magoti tangu alfajiri
juu ya changarawe, hapa Kranjska Gora,
na ndoo, sifongo, na mswaki wa Jernej
ambao sikujua niupeleke wapi.

Magurudumu ya nyuma yaling'aa upesi,
kama watu wanaofuata tu.
Ya mbele ndiyo yenye maneno:
vumbi la breki limegandamana nyuma ya kila spoki,
limekula rangi, limejipenyeza hadi kwenye nati.
Nikapuliza dawa, nikangoja.
Rimu ikaanza kutoka damu ya zambarau.

Miaka thelathini na mmoja alijigamba baa
mbele ya Vinko na wenziwe:
"Mimi Vršič nashuka bila breki."
Nami kando yake, macho nimefumba,
tumbo nimeliacha kona mbili nyuma,
niliamini.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi.
Yake ilikuwa na kona hamsini,
na kumbe katika kila moja
mguu wake ulikanyaga polepole, kwa siri,
kama mtu anayefunga mlango
wa chumba alimolala mtoto.

Nasugua. Mswaki umekwisha meno.
Maji meusi yanatafuta mfereji yenyewe.

Gurudumu la kulia, upande niliokaa mimi,
ndilo lililokuwa chafu kuliko yote.
Fundi atasema pedi ilikwama.

Aseme.