Saa ya Pili

Mama amenunua saa ya pili ya ukuta,
elfu kumi na mbili, dukani kwa Mihambo karibu na stesheni,
anataka niitegeshe kwa majira ya Nyamizi.
"Ile yetu. Hii yake.
Niwe natazama tu."

Kabla ya saa kulikuwa na uzi.
Nilileta tufe la shuleni, lile lenye ufa kwenye ikweta,
nikavuta uzi mweusi wa cherehani
kutoka Tabora mpaka Sao Paulo:
sentimita ishirini na nusu.
Mama akaukata kwa meno,
akaulaza juu ya kiganja, gumba mpaka kidole cha mwisho.
"Mbona shibiri moja tu?"

Nikamwambia kilomita elfu nane na mia saba,
mstari ulionyooka juu ya Kongo, juu ya Angola,
halafu maji, maji, maji.
"Kwa treni ya Kigoma je?"
Kwenda na kurudi mara kumi na moja, mama,
bila kushuka Kaliua kununua uyoga.
Akanyamaza. Kigoma anaijua:
alikwenda kumzika shangazi, akarudi miguu imevimba.

Lakini uzi haupandi ndege.
Tiketi ilipita Dar, ikapita Addis Ababa,
angani saa kumi na saba na nusu,
kwenye viti vya kungojea saa kumi na nne,
na miezi saba ya viza, ambayo tiketi haikuitaja,
wala kopo la asali lililobaki mezani kwa mkaguzi
kwa kuwa kimiminika kilizidi kipimo.
Alisema pole. Nadhani alimaanisha.

Jana usiku nikapanda stuli, betri mkononi.
Kwetu saa mbili: mdomo unasema mbili,
mshale mfupi uko kwenye nane,
ndivyo tulivyolelewa, kuisoma namba ya ng'ambo.
Kwao ni mchana bado, wako nyuma saa sita.
Nikahesabu kwa vidole.
Nikarudia.
Mshale wa kwao uko kwenye mbili.

Nikashuka.
"Mama, saa unayoitamka wewe
ndiyo anayoiona yeye ukutani."

Hakuniamini. Alingoja ifike saa tatu kamili
akapiga simu, hata salamu hakutoa.
"Mshale wako mfupi uko wapi?"
Kulikuwa na kelele za sahani, mtu akicheka kwa Kireno.
"Kwenye tatu, mama. Kwani kuna nini?"
"Hakuna," akasema. "Umekula?"

Baadaye, taa imezimwa, nikamsikia chumbani
akitaja saa peke yake, polepole,
saa nne kasorobo,
saa nne kasoro dakika kumi,
kama mtu anayebisha hodi.

Asubuhi akanikabidhi boksi.
"Irudishe kwa Mihambo. Risiti iko chini ya godoro.
Na betri uitoe kwanza,
ile nilinunua mimi."