Ruhusa ni Saa Sita

Meza yetu ya Pangani, ghorofa ya nne.
Kitambaa chake kimeungua duara
pale nilipotua sufuria mwaka juzi.
Juu yake pasipoti tano, ngumu bado, hazijui muhuri,
kikokotoo cha Ndanu cha shuleni,
na daftari la Baba, lililopigwa safu kwa rula.

Baba alikuwa karani wa Reli miaka thelathini na mmoja.
Anaandika Barcelona kama ambavyo angeandika Emali:
kufika, kuondoka, dakika za kungoja.
"Meli inatia nanga Jumanne. Sisi tuwe mjini Jumamosi."
Namwambia, Baba, kila usiku huko ni bei ya mbuzi wawili.
"Treni ikichelewa hukukuta stesheni.
Meli ina mlango, na mlango hufungwa."
Akapiga mstari. Jumamosi.

Hatuipandi meli hiyo. Niseme mapema,
maana majirani wameanza kuulizana
kama tumeuza shamba la Mwala.
Meli ni ya watu wengine, wenye kofia pana.
Sisi tunamfuata mtu mmoja aliye tumboni mwake,
chini kabisa, chumba kisicho dirisha,
Kyalo wetu, anayekunja taulo ziwe tembo.
Alituma picha: tembo mweupe kitandani mwa mgeni,
amevalishwa miwani ya jua.
Mama aliitazama mpaka simu ikazima.
"Na yeye," akauliza, "analala wapi?"

Ndanu anataka uwanja wa mpira.
Mume wangu anataka chumba chenye jiko,
amesikia chai ya huko huuzwa kikombe kimoja kimoja.
Mama anataka kujua kama unga wa ugali hupita forodhani.
Mimi nataka viza.
Nimepeleka taarifa za benki, cheti cha ndoa, barua ya mwajiri,
na picha tulizopigwa Ngara, tukaambiwa tusicheke.
Hatukucheka.
Tumetoka kama watu waliokwisha kataliwa.

Kisha usiku wa Alhamisi, stima imepotea, simu ikawaka:
*Nimeuliza. Ruhusa ni saa sita.*

Mama akapiga makofi. Saa sita mchana, jua la utosi!
Atakuja na njaa, atakuta nimeshaivisha.
Mimi nilikuwa nahesabu vidole: saa sita, muda huo,
asubuhi mpaka alasiri,
tukipata teksi, tukiepuka foleni.
Baba akasogeza mshumaa karibu na daftari.
"Ni saa ngapi," aliuliza, "au ni saa ngapi?"
Hakuna aliyecheka. Sote tulimwelewa.

Tukamwandikia. Ujumbe ukakaa na tiki moja.
Yuko majini,
mahali ambapo mtandao hununuliwa kwa dakika.

Siku mbili nzima Baba aliweka safu mbili.
Katika moja, Kyalo anatoka adhuhuri
na kurudi kabla hatujamaliza kumshika.
Katika nyingine ana saa sita kamili:
anakula, anaoga maji yasiyopimwa,
analala kidogo kwenye kitanda cha kukodi,
viatu vyake mlangoni kama zamani.
Mama alikuwa akiijaza hiyo ya pili tu,
kwa penseli, Baba akienda msalani.

Jibu lilikuja Jumapili, maharagwe yakiwa motoni.
*Wamebadilisha. Sasa ni saa nne.*

Baba alichukua kifutio.
Akafuta taratibu, akipuliza vumbi la mpira,
safu ya kwanza, kisha ya pili.
Safari hii hakuuliza ngapi ipi.

Mama alikuwa keshasimama,
anapima unga kwa kikombe, anamimina kwenye mkebe.
"Andika saa kumi na mbili asubuhi," alisema.
"Ya nini?" Baba akamuuliza. "Kyalo hajataja saa hiyo."
"Siyo yake. Ni yangu.
Hapo langoni."