Sema Neno, Nijue Umemeza

Saa tatu kasorobo natoa kufuli la mlango wa ubavuni.
Hawick bado imejikunyata, mto Teviot umejaa matope,
na Murdo yuko pale pale ukutani,
kola kaipandisha hadi masikioni,
kana kwamba mji huu wenye barabara kuu moja
haujui mlango huu ni wa nani.

Unajua. Bibi wa duka la mikate anajua.
Dereva wa basi la Galashiels anajua.
Hata yule farasi wa shaba mwisho wa barabara
nadhani hugeuza shingo.

Nyuma ya pazia la plastiki nampimia:
mililita hamsini na tano, kijani, nzito kidogo,
kikombe hakizidi kile cha kahawa chungu.
Anakunywa. Namtilia maji, anasuuza, anakunywa tena.
Halafu kanuni: lazima aseme kitu,
maana kinywa kilichofumbwa chaweza kutoka na dawa
kikaenda kuiuza nyuma ya kituo cha mabasi.

Sema neno, nijue umemeza.

"Mvua," husema.
Au, Jumatatu: "Tumefungwa tena,"
raga ikimuuma kuliko mishipa.
Siku moja: "Binti yangu kapokea simu."
Miezi kumi na minne, neno kwa siku.
Sikuyaandika popote, ni siri ya kazi,
ila nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka madeni.

Aliniuliza kwetu ule ugonjwa unaitwaje,
ule wa alfajiri, wa jasho baridi na mifupa kutafunwa,
duka bado halijafunguliwa.
Arosto, nikamwambia.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
Kwao, alisema, neno hilo ni nyama ya tanuri,
Jumapili mchana, mama akikoroga mchuzi.

Sikumwambia kwamba kwetu pia
jina la kinachoua ni jina la kinacholisha.
Unga.
Mama alikuwa akimtuma Hemedi unga wa sembe
arudi jioni, mikono mitupu, macho yamelegea,
nasi tukisema ni malaria.
Tanga nzima tuliificha maradhi,
kilio kikatufichua.

Wiki iliyopita Murdo hakuja Jumanne.
Hakuja Jumatano.
Siku tatu mfululizo, cheti husimamishwa.
Bi Elspeth, mfamasia, alitazama saa ya ukutani,
akanitazama mimi,
akapanga upya maboksi ya panadoli
ambayo yalikuwa yamepangwa.

Alhamisi, dakika nne kabla ya kufunga,
mlango ukasukumwa kwa bega.
Amelowa, ndevu za siku tatu,
kiatu kimoja hakina kamba.
Bi Elspeth akamwangalia mboni za macho,
akamuuliza maswali yake polepole, bila kumkaripia,
kisha akaniitikia kwa kichwa: mpe.

Akanywa. Maji. Akanywa.
Nikangoja mvua. Nikangoja raga.

"Na wewe je?" akasema.

Hilo tu.
Miaka sita ndani ya koti hili jeupe
nimewaambia watu wasiohesabika waseme neno,
na hakuna aliyewahi kuuliza, upande huu wa pazia,
mimi nimemeza nini.

Bi Elspeth alikuwa ameshika funguo, hakuzichezesha.
Nje basi la mwisho lilipita tupu, taa zote zikiwaka.

"Hemedi," nikasema. "Mdogo wangu."

Murdo hakuondoka.
Alisimama na kikombe chake mkononi,
ananitazama mdomo,
kama mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuhakikisha.