Uzito Halisi

Miaka ishirini na saba nimesimama kwenye mzani
kiwandani Igogo, buti zimejaa maji,
nikipima sangara wa watu wengine.
Kanuni ni moja: toa kreti, toa barafu,
kinachobaki ndicho samaki.

Jana usiku, umeme uliporudi, nikajipima mwenyewe.
Kiwanja Kisesa; hakijapimwa, andika nusu ya bei.
Mabati kumi na nane, yameegemea ukuta wa Mabula.
Hisa za ushirika. Mafao,
kama mwajiri alipeleka michango yote.
Kuna mwaka mzima hakupeleka.
Nina barua. Barua haina kilo.

Toa mkopo wa ada ya Ng'washi.
Toa deni la mazishi ya baba,
halidaiwi na mtu, ila mimi nalijua.
Toa goti la kushoto.

Barafu ilikuwa nyingi.
Kilichobaki: miezi kumi na minne
tukila dagaa, tusipougua.

Kalekwa alikuwa anakunja nguo. Akachungulia.
"Ndiyo yote?"
Akainua godoro, upande wangu,
akatoa daftari, jalada limelainika kama kitambaa.
Kikoba cha Kirumba, kila Jumamosi,
tangu Ng'washi ananyonya:
elfu mbili, elfu mbili, tano, mbili.
Deni: hakuna.

Nikasoma jumla mara mbili, kidole chini ya sifuri.
Nilitaka kucheka. Nilitaka kuuliza
usiku ule tuliolala na uji wa chumvi
hili daftari lilikuwa wapi.

"Ulikuwa umelilalia," akasema,
akazima taa.