Kipimo cha Mguu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi nafunga hesabu mapema.
"Vueni viatu," nawaambia, "na soksi yenye tundu isione haya,
hapa hakuna mgeni."
Wanapanga foleni, darasa zima, yaani watoto tisa.
Nawakumbuka walipokuwa thelathini na wanne
na kengele ilikuwa na kazi.

Mmoja mmoja anakanyaga karatasi.
Nazungusha penseli: kisigino, ukingo,
kidole gumba kinachojikunja kwa kutekenywa.
Pembeni naandika jina, tarehe na mji.
Ilinca, mama yuko Padova.
Dorin, mama Padova, baba Moscow.
Sevastița, baba yuko Lisbon, mama
(naacha nafasi).

Jumapili dereva Haralambie huzibeba karatasi hizo
pamoja na jibini, pilipili za siki, jozi zilizobanguliwa.
Hukatiza Moldova nzima kabla chai yake haijapoa,
kisha mipaka, na mipaka mingine.
Akina mama humngoja nyuma ya stesheni
katika saa zao mbili za mapumziko.
Kila mmoja hupokea unyayo wa mwanawe kwa mikono miwili,
kama sahani ya moto.

Viatu hurudi baada ya wiki sita.
Vizuri, vya ngozi, vinanuka duka.
Havitoshi.
Mguu haukungoja.
Mguu haujui mkataba, haujui kibali cha kuishi,
mguu unajua ugali na kukua.
Basi vya Ilinca humwendea Sevastița,
vya Dorin huenda nyumba ya tatu,
na kijiji kinatembea
ndani ya mapenzi yaliyokusudiwa mtoto wa jirani.

Gazeti linasema uchumi wetu umepanda.
Naamini. Niliuona ukipanda:
ulipanda basi saa kumi alfajiri, na begi moja,
ukaacha ufunguo chini ya chungu cha maua.

Mama yake Ilinca anaitwa Parascovia.
Nilimfundisha kusoma, dawati lile la dirishani.
Leo humlisha supu bi kizee wa watu,
humgeuza ubavu huu, ubavu huu,
humwita mama kwa lugha aliyojifunza ukubwani.
Na mama yake mzazi, huku,
hupika akiwa ameshika ukuta.
Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, husemwa.
Hakuna aliyesema cha kufanya
ulimwengu ukishamwajiri mama.

Silaumu. Fedha ile ilileta madirisha, choo cha ndani,
meno ya bibi, ambayo huyavaa Pasaka.
Ilileta hata bati la shule hii, jekundu, jipya,
limefunika madawati matupu yasilowe.

Barua ya wilaya inasema shule isiyo na watoto kumi itafungwa.
Nimemjibu mkaguzi kwamba tuko kumi.
Wa kumi ni mimi.
Nimejiandikisha darasa la nne:
tabia njema, hesabu dhaifu.

Ijumaa hii Ilinca alikanyaga karatasi, akanishika mkono.
"Mwalimu, usichore huu. Chora utakaokuwa."
Nikaisogeza penseli mbali na ngozi,
upana wa kidole, upana wa vidole viwili,
mguu ukabaki katikati kama kisiwa.
"Unatosha?"
"Mama alisema mpaka deni la nyumba liishe."
"Deni linaisha lini?"
Akapandisha mabega.

Karatasi haikutosha.
Nikaenda kabatini. Mlikuwa na ramani moja kuukuu
ya nchi ambayo haipo tena,
kubwa kama shuka, nyuma yake nyeupe.
Nikaitandaza sakafuni, nchi ikitazama chini.
"Haya," nikamwambia,
"simama popote."